Kioo hakikukosea: namna ya kusoma makosa ya jaribio la bloku na pini nne

Kila mwaka, wiki chache kabla ya mtihani wa vitendo, maabara hujaa wanafunzi wenye malalamiko yaleyale: "Mwalimu, shikamoo. Bloku yetu mbovu." Naitikia marahaba, naipokea hiyo bloku, naifuta kwa kitambaa, naielekeza dirishani, naiangalia pande zote. Katika miaka yote niliyokaa maabara nimekuta bloku mbovu mbili tu. Moja ilidondoka sakafuni ikameguka ukingo mzima, nyingine nyuso zake mbili ndefu hazikuwa sambamba. Zote zilizobaki zilikuwa nzima. Kilichokosea kilikuwa jicho, rula, protrakta au kikokotoo, na kosa lenyewe lilikuwa limekwisha kujiandika kwenye jedwali la majibu, ila hakuna aliyelisoma.

Ndiyo maana naandika haya. Kila kosa katika jaribio hili la kupima mwanga unapinda kiasi gani ukiingia kwenye kioo huharibu namba kwa namna yake. Kuna linaloshusha majibu yote kwa kiasi kilekile, kuna linalogusa pembe ndogo tu, kuna linalopandisha majibu taratibu kadiri pembe inavyokua. Kwa hiyo kabla hujang'oa pini na kuanza upya, panga majibu yako kuanzia pembe ndogo hadi kubwa, uone yanaelekea wapi.

Jaribio lenyewe unalijua. Karatasi nyeupe juu ya sofbodi, bloku ya kioo ya mstatili juu ya karatasi, unachora mzingo wake kwa penseli. Pale mwali utakapoingilia unachora mstari unaosimama kwa nyuzi 90 juu ya uso wa kioo, ambao wanafunzi wangu wote wanauita nomo, nami nitauita hivyohivyo. Pini mbili, P1 na P2, unazichomeka upande wa mbele kwenye mstari wenye pembe uliyoichagua. Unahamia upande wa pili, unachungulia ndani ya kioo, unachomeka P3 na P4 mpaka pini zote nne zionekane zimejipanga mstari mmoja. Unaondoa bloku, unaunganisha mistari, unapima pembe ya kuingilia, i, na pembe ya mpindo ndani ya kioo, r. Sini ya i (kile kitufe cha sin kwenye kikokotoo) ukiigawa kwa sini ya r unapata fahirisi ya mpindo, n. Kwa kioo cha kawaida cha maabara ni karibu 1.5.

Hiyo 1.5 ina maana, na ukiishika maana yake nusu ya makosa utayanusa mwenyewe. Mwanga hewani husafiri karibu kilomita 300,000 kwa sekunde. Ndani ya kioo cha 1.5 husafiri 200,000. Fikiria mkokoteni unaotoka kwenye lami kuingia mchangani kwa mshazari. Gurudumu linalotangulia mchangani linalemewa, lenzake bado linateleza kwenye lami, na mkokoteni unajigeuza wenyewe hata msukumaji asipotaka. Ukiingia mchangani moja kwa moja, magurudumu yote mawili yanalemewa kwa pamoja, mkokoteni unapunguza mwendo ila haugeuki. Mawimbi ya bahari nayo yako hivyo: yanakuja mshazari kutoka kwenye kina kirefu, upande uliotangulia kwenye kina kifupi unachelewa, na hatimaye yanafika ufukweni yamelala karibu sambamba na mchanga, uvume kusi au kaskazi. Idadi ya mawimbi kwa sekunde haibadiliki hata kidogo. Kinachopungua ni mwendo na urefu wa wimbi: mwanga wa njano wa taa ya sodiamu, wenye urefu wa nanomita 589 hewani, ndani ya kioo hicho unabaki na nanomita 393 hivi.

Basi tuingie kwenye dalili.

Dalili: n iko chini ya 1

Hii ndiyo ninayoipenda kuliko zote, kwa sababu mwenye jibu hili huja amekata tamaa kabisa na huondoka baada ya dakika mbili.

Jibu chini ya 1 linadai kwamba mwanga umeongeza mwendo ulipoingia kwenye kioo. Haiwezekani kwa jaribio hili, kwa hiyo kosa liko kwenye kupima au kwenye kugawa. Lipi kati ya hayo mawili? Usiangalie jibu moja, angalia yote.

Kama majibu yote yanacheza kwenye 0.67, yaani 0.66, 0.68, 0.67, umegeuza mgawanyo. Umegawa sini ya r kwa sini ya i. Geuza, umemaliza.

Kama majibu yanashuka kadiri pembe inavyokua, hilo ni jambo jingine. Mwaka juzi aliniletea binti mmoja karatasi yake, ameandika 0.92 kwa nyuzi 30, 0.85 kwa nyuzi 40, 0.61 kwa nyuzi 60.

"Ulipima pembe kutoka wapi?" nikamuuliza.

"Kutoka kwenye kioo, mwalimu."

"Kioo kipi, uso wake?"

Akanyamaza, akaiangalia protrakta, akacheka. Alikuwa ameilaza protrakta kwenye uso wa bloku na kusoma pembe kati ya mwali na uso huo, badala ya kati ya mwali na nomo. Palipokuwa na nyuzi 40 kutoka kwenye nomo yeye alisoma 50, na palipokuwa na nyuzi 25.4 ndani ya kioo alisoma 64.6. Sini ya 50 ni 0.766, sini ya 64.6 ni 0.903, gawa, unapata 0.85. Hatukuchomeka pini hata moja tena. Alitoa kila pembe kutoka kwenye 90, akapiga hesabu upya, na majibu yote matatu yakaangukia kwenye 1.5. Vipimo vyake vilikuwa safi kuliko vya darasa zima.

Dalili: n inapanda polepole pembe inapokua

Unaanza na 1.52 kwenye nyuzi 20, unapata 1.57 kwenye 40, 1.70 kwenye 60, na 1.80 kwenye 70. Wengi wakiona hivi husema ni makosa ya kawaida ya majaribio. Hapana. Makosa ya kawaida hupanda na kushuka ovyo. Haya yanapanda ngazi.

Sababu ya kwanza ni kugawa pembe kwa pembe. Umesahau sini, ukagawa 40 kwa 25.4. Kwenye pembe ndogo huwezi kuligundua kosa hili, maana sini ya pembe ndogo inakwenda sambamba na pembe yenyewe, na majibu yanatoka mazuri mpaka unajisifu. Kosa hujifichua juu ya nyuzi 40. Usione haya sana: watu walipima mpindo wa mwanga kwa karne nyingi kabla ya kuijua sini. Kanuni hii inaitwa kwa jina la Mholanzi Willebrord Snellius aliyeifikia mwaka 1621, na kabla yake Ibn Sahl wa Baghdad alikuwa ameshaichora kwa pembetatu katika maandishi yake kuhusu vioo na lenzi za kuchomea, mwaka 984.

Sababu ya pili ni ya siri zaidi, na imewahi kunizungusha hata mimi. Kama ngazi ni fupi, tuseme 1.50 kwenye nyuzi 20, 1.51 kwenye 40 na 1.56 kwenye 70, chukua kikokotoo chako uandike sini ya 30. Lazima ije 0.5. Ikija 0.454, kikokotoo kiko kwenye gradi, ule mfumo unaoigawa pembe mraba sehemu 100 badala ya 90. Hakuna mtu anayeutumia darasani, lakini mtu akibonyeza kitufe kimoja mara moja zaidi anajikuta huko. Ubaya wake ni kwamba majibu yanafanana sana na ya kweli. Rediani, mfumo mwingine wa kupimia pembe, angalau ina adabu, inakosea waziwazi: sini ya 30 inakuja hasi 0.988, na kwenye jedwali lako unaona 2.82 jirani na hasi 1.70. Ukiona n hasi usitafute kosa mezani. Liko kwenye kikokotoo.

Sababu ya tatu ni nomo iliyolala. Hapa mwelekeo unatofautiana kidogo: pembe ndogo ndizo zinazoharibika, pembe kubwa zinatulia. Nomo ikilala nyuzi 2 tu kwa upande unaoongeza pembe zako, kwenye nyuzi 10 utapata n ya 1.38, kwenye 40 utapata 1.45, kwenye 60 bado 1.46. Ikilala upande wa pili, mambo yanageuka: 1.72 kwenye nyuzi 10, halafu majibu yanashuka na kutulia karibu na 1.55. Ukichora grafu ya sini i dhidi ya sini r, mstari utanyooka vizuri tu ila utakataa kupita kwenye sifuri, nawe utashawishika kuulazimisha. Usiulazimishe. Chukua pembe ileile, tuseme 40, uipime upande wa kushoto wa nomo na tena upande wa kulia. Nomo ikiwa imesimama, majibu mawili yatafanana. Ikiwa imelala, moja litatoka karibu 1.45, jingine 1.55, na wastani wao utakuwa karibu kabisa na ukweli. Kwa kawaida nomo hulala kwa sababu mtu ameichora kwa kukisia macho, au ameilinganisha na ukingo wa karatasi wakati bloku yenyewe haikulazwa sambamba na ukingo huo.

Dalili: pembe ndogo zinatawanyika, kubwa ziko sawa

Nyuzi 10 inakupa 1.76 leo na 1.30 kesho, wakati nyuzi 60 haitoki 1.5. Hapa hujakosea kitu. Kwenye nyuzi 10, r ni 6.65 tu; ukikosea nyuzi moja unapokisoma kipembe hicho, jibu linaruka kutoka 1.30 hadi 1.76. Kosa hilohilo la nyuzi moja, kwenye pembe ya 60 ambako r ni 35.3, linasogeza jibu kati ya 1.46 na 1.54 basi. Achana na nyuzi 10. Anzia 20 au 25, panda hadi 65. Kama maelekezo yamekulazimisha kupima 10, ipime, iandike kama ilivyo, na acha grafu iamue, kwa sababu pembe hiyo hukaa karibu na sifuri na haina nguvu ya kuupindisha mstari.

Dalili: majibu yote yako chini kidogo, 1.45 hadi 1.47

Kwanza uliza bloku yako ni ya nini. Bloku nyingi zinazouzwa siku hizi ni za plastiki ngumu, akriliki, na fahirisi yake ni 1.49. Zinafanana na kioo machoni lakini ni nyepesi mkononi, na ukizigonga kwa kucha hazilii. Kama umepata 1.49 kwa bloku ya namna hiyo, umepatia. Kuisogeza kwenye 1.50 ili ifanane na ya jirani ni kuharibu kazi yako.

Kama ni kioo halisi, tazama mzingo ulioandikwa kwa penseli, kisha irudishe bloku juu yake. Je, inabaki nafasi nyeupe pembeni? Penseli butu, iliyolazwa, huchora mstari ulio milimita moja nje ya ukingo. Milimita moja huku, moja kule, tayari karatasi inadai kioo chako kina upana wa milimita 62 wakati kina 60. Zile milimita mbili za ziada mwanga ulizipita hewani bila kupinda, lakini wewe umezihesabu kama kioo, kwa hiyo r yako inatoka kubwa kuliko ilivyo na n inashuka: 1.47 kwenye nyuzi 40, 1.46 kwenye 60. Chonga penseli hadi iwe kali, isimamishe wima kwenye ukingo. Mimi hupenda njia nyingine kabisa: weka alama ndogo nne za penseli kwenye kona, ondoa bloku, unganisha kwa rula.

Dalili: mwali unaotoka hauko sambamba na unaoingia

Hapa ndipo bloku husingiziwa zaidi. "Ilisogea, mwalimu." Inawezekana ilisogea, lakini kusogea hakuleti dalili hii. Mwali ukipita kwenye kioo chenye nyuso mbili sambamba, hutoka sambamba na ulivyoingia, hata ukiigeuza bloku nyuzi tano ukiwa unachungulia. Jaribu uone: P1 na P2 zikiwa zimejipanga machoni pako, zungusha bloku kidogo kwa kidole. Taswira za pini zitateleza pembeni, zote mbili, lakini mwelekeo wa kuzitazama haubadiliki. Bloku iliyosogea baada ya mzingo kuchorwa inaharibu r na n. Usambamba inauacha salama. Na ikiteleza kwa urefu wake, kufuata mistari ileile ya nyuso, haiharibu hata n.

Kwa hiyo mistari isipokuwa sambamba, mara nyingi mwenye kosa ni P3 na P4. Je, ziko mbali kiasi gani? Wanafunzi hupenda kuzibananisha kwa sababu ni rahisi kuzilenga. Pini zilizoachana sentimita 2, moja ikiwa nje ya mstari kwa milimita moja, zinakupa kosa la karibu nyuzi 3. Ziachanishe sentimita 8 na milimita hiyohiyo inakuwa kosa la nyuzi 0.7. Halafu tazama miguu ya pini, pale zinapoingia kwenye karatasi. Vichwa achana navyo. Pini iliyoinama kidogo kichwa chake kinaweza kuwa milimita tatu mbali na mguu wake, na tundu linalobaki kwenye karatasi ni la mguu. Inamisha uso mpaka jicho liwe usawa wa meza, funga jicho moja. Najua shingo inauma.

Kipimo cha haraka kabla ya kubandua karatasi: mwali unaotoka unapaswa kuwa umehama pembeni kutoka kwenye njia ambayo ungeifuata kama kioo kisingekuwepo. Kwa bloku ya kioo yenye upana wa sentimita 6 na pembe ya nyuzi 40, umbali huo ni karibu sentimita 1.7, ukipimwa kwa kusimamisha rula mraba juu ya mistari hiyo miwili. Ukikuta sentimita 1, rudi mezani.

Dalili: mistari miwili imeegemea pande tofauti, au upande wa bloku unang'aa kama kioo cha kujitazamia

Mwali umeingia ukielekea kulia, umetoka ukielekea kushoto, kwa pembe ileile. Mwanafunzi anaapa kwamba pini zilikuwa mstari mmoja, na anasema kweli. Aliziona. Tatizo ni kwamba alichokiona kilikuwa mwakisiko. Alichomeka pini karibu mno na mwisho wa bloku, mwali ukaingia kwenye uso mrefu, ukagonga ule uso mfupi wa mwisho kwa ndani, ukarudishwa, kisha ukatoka kwenye uso mrefu wa pili ukiwa umegeuzwa.

Unaweza kujiuliza kwa nini mwali usitokee hapohapo kwenye uso mfupi. Hauwezi. Kwenye kioo cha 1.5, mwali wowote unaogonga uso kwa ndani kwa pembe inayozidi nyuzi 41.8 kutoka kwenye nomo hauna njia ya kutokea, unarudi wote ndani. Hiyo 41.8 ndiyo pembe ya mpaka ya kioo hicho. Ya maji ni karibu 48.6. Sasa piga hesabu: mwali ulioingia kwenye uso mrefu hauwezi kuwa na r kubwa kuliko 41.8, hata uingilie kwa kulala kiasi gani. Kwa hiyo utakapoufikia uso mfupi, ulio mraba na ule wa kwanza, utaugonga kwa angalau nyuzi 48.2. Daima unazidi mpaka. Ndiyo maana ukichungulia kwenye bloku kwa mshazari uso wa pembeni unang'aa kama umepakwa fedha, na ndiyo maana hakuna mtu aliyewahi kuona pini za mbele kwa kuchungulia kwenye uso mfupi. Ingilia katikati ya bloku, au kidogo upande ambao mwali unatoka kuuacha, na dalili itaondoka.

Ukitumia bloku ya nusu duara kuitafuta hiyo pembe ya mpaka, na mwali unapinda mahali usipotarajia, yaani kwenye uso uliobinuka, hujaulenga kwenye kitovu. Mwali unaoelekea kitovuni hukutana na ubinuko kwa nyuzi 90 popote unapoingilia, kama ule mkokoteni ulioingia mchangani moja kwa moja.

Madogo madogo

Pini zinaonekana na kingo za rangi, bluu upande mmoja na nyekundu upande wa pili: ni kawaida kwenye pembe kubwa, kwa sababu kioo kinaipinda bluu zaidi kidogo kuliko nyekundu, karibu 1.52 kwa 1.51 kwa kioo cha kawaida. Lenga katikati ya pini. Pini zinaonekana kwa ukungu: futa bloku, vidole vya kundi lililopita bado vipo. Pini inaonekana imekatika, nusu ya juu imehama na ya chini imehama kwingine: unaona sehemu moja kupitia kioo na nyingine juu ya kioo. Inama zaidi.

Dalili za upande wa maji: kina kinakataa kuja 1.33

Wale wanaopima kwa kina wana matatizo yao. Unaweka sarafu chini ya chombo, unamimina maji, sarafu inaonekana imepanda. Kina halisi ukikigawa kwa kina kinachoonekana, kwa maji unapata karibu 1.33. Maji ya sentimita 12 yanaonekana kama 9.

Ukipata 4, umegawa 12 kwa 3. Umepima sarafu imepanda kiasi gani kutoka chini, badala ya kupima iko chini ya uso wa maji kiasi gani.

Ukipata 1.5 au 1.6 ulikuwa unatazama kwa mshazari. Mgawanyo huu ni wa mtu anayetazama kutoka juu kabisa. Kadiri jicho linavyolala, ndivyo chini ya chombo inavyozidi kupanda machoni. Anayemchoma samaki kwa mkuki akiwa amesimama kwenye maji analijua hili bila kufundishwa: analenga chini ya pale anapomwona, na samaki akiwa mbali analenga chini zaidi. Sisi maabara tunapanda juu ya stuli.

Dalili: majibu yote ni 1.50 kamili

Pembe tano, majibu matano, 1.50, 1.50, 1.50, 1.50, 1.50. Hii ndiyo dalili inayonitia shaka kuliko 0.85 yoyote. Protrakta yenu inasomeka hadi nusu nyuzi kwa mwenye macho mazuri, na kosa la nusu nyuzi kwenye nyuzi 30 linatosha kukupeleka 1.46 au 1.54. Majibu matano yasiyotikisika yametengenezwa kwa kikokotoo, kwa kuanzia mwisho kwenda mwanzo.

Tabia yenyewe ni ya kale. Kuna jedwali la Ptolemaio wa Aleksandria, la karne ya 2, la mwanga unaotoka hewani kuingia majini. Kwa nyuzi 10 aliandika 8, kwa 20 akaandika 15.5, kisha 22.5, 29, 35, 40.5, 45.5, na kwa nyuzi 80 akaandika 50. Toa kila namba kwenye inayofuata: 7.5, 7, 6.5, 6, 5.5, 5, 4.5. Zinapungua nusu nusu bila kukosa hata mara moja. Maji hayana mpangilio huo. Kwa nyuzi 80 jibu ni karibu 47.6. Wataalamu wengi wanaona kwamba vipimo vya mzee vilinyooshwa mezani ili vifuate mpangilio aliouamini.

Mimi sihitaji kutoa namba kwenye namba. Naichukua karatasi ya mwanafunzi, naiinua kwenye mwanga wa dirisha, nahesabu matundu. Pembe tano, pini nne kila pembe, matundu 20. Mwezi uliopita kundi moja liliniletea karatasi safi, mistari imenyooka, jedwali limepigwa rula, majibu yote 1.50. Nikaiinua dirishani nao wakiwa wamesimama nyuma yangu. Matundu yalikuwa manane.